Pedi ya Wino Niliyoipeleka Mwaloni

Muhula huu ndio wangu wa mwisho. Chuo kimeniandikia barua ya kustaafu, nzuri tu, yenye mhuri na maneno ya shukrani, na kwa wiki tatu sasa natoa vitu ofisini na kuvipanga kwenye maboksi ya sabuni niliyoyaomba dukani Mkuyuni. Nimefundisha sheria ya katiba na haki za raia kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kilichobaki ni vitabu, feni isiyozunguka, na faili moja la bluu ambalo sijawahi kumruhusu mtu mwingine kulishika.

Kabla sijalifungua faili hilo niseme kwamba nina hasira za karibu. Wanafunzi wangu hulijua hilo kabla wiki ya kwanza haijaisha. Nimezaliwa upande wa Mara, kwa Wajita, katika nyumba ya wavuvi waliosali kabla ya kula na baada ya kula, na nikikasirika Kijita kinapanda juu ya Kiswahili, l na r zinabadilishana nafasi, na darasa zima linainamisha vichwa ili nisione wanavyocheka. Nawaona. Sijawahi kumfukuza mtu kwa hilo. Kinachonipandisha hasira kweli ni mwanafunzi anayesema "mwananchi wa kawaida" kana kwamba yeye ni wa namna nyingine. Nakasirika kwa sababu maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe, mahakamani, kwa sauti, na mtu niliyekuwa namsema alikuwa amekaa nyuma yangu.

Nilikuwa mhadhiri kijana wakati huo, nina shahada mpya ya uzamili na leseni mpya ya uwakili, na vyote viwili nilivitembeza mjini kama viatu vya sikukuu. Asubuhi moja alikuja ofisini mama mmoja wa Kisukuma aliyenizidi umri kwa miaka kumi hivi. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo mmoja wa ziwa, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, upande wa Misungwi. Alikuwa amesikia kanisani kwao kwamba chuoni kuna mama anayefundisha sheria na hana maringo. Kwa hilo la pili alikuwa amedanganywa.

Alinipa barua. Ilitoka ofisi moja ambayo sitaitaja, na ilisema kikundi chake kiondoke ndani ya siku kumi na nne kwenye jabali pana na mchanga walipokuwa wakianika dagaa tangu enzi za mama zao. Eneo limepewa mtu atakayejenga hoteli. Dagaa hawangoji, wasipopata jua siku hiyohiyo wanaharibika, na mialo ya jirani ilikuwa imejaa wenyewe. Wakiondoka pale, kazi yao imekwisha.

"Mwalimu, sisi hatukatai kuongea," aliniambia. "Hata kusogea tunaweza kusogea kidogo. Ila hakuna aliyetuuliza. Tunataka kuulizwa tu."

Nilikaribia kusimama kwenye kiti. Mtu hawezi kuondolewa kwenye haki yake bila kusikilizwa. Hiyo ni ibara ya kumi na tatu, somo langu la wiki ya nne, na sasa lilikuwa limeingia ofisini kwangu likiwa limejifunga kitenge. Nilimhoji kwa saa mbili. Alijibu kila swali bila kuzunguka. Kisha nikajifungia siku mbili nikamwandikia hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo angeyaapia ili tuyapeleke Mahakama Kuu kuomba ile amri ifutwe. Niliyaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya hati za Mahakama Kuu, na kusema kweli kilikuwa Kiingereza bora kuliko chote nilichowahi kuandika. Aya kumi na tano. Niliisoma peke yangu nikatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku ya kuapa nilikwenda mwaloni na wakili mwenzangu, kwa kuwa sheria inataka kiapo kishuhudiwe na mtu mwingine asiye wakili wa kesi hiyo. Njiani nilimsimamisha Mabatini, nikaingia duka la vifaa vya ofisi, nikanunua pedi ya wino. Hakuna aliyeniambia ninunue. Niliona mama wa mwaloni, mikono ina magamba ya samaki, nikajua atahitaji wino wa kuweka dole gumba. Nilijiona nina busara sana kukumbuka jambo hilo mapema.

Tuliwakuta wanageuza dagaa. Nikatandaza hati juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua pedi, nikamsogezea. Aliiangalia ile pedi, akaniangalia mimi, akafuta mkono kwenye kitenge chake, akaninyooshea dole gumba. Nililishika mwenyewe nikalibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Wale akina mama wengine waliacha kugeuza dagaa, wakanyamaza. Nilidhani ni heshima. Mwenzangu alikuwa na haraka, akagonga mhuri, tukarudi mjini tukipiga soga.

Siku ya kesi walikuja karibu wote, wamevaa vizuri, wakajaza mabenchi ya nyuma. Mahakamani siku zile mdomo ulizungumza Kiswahili na karatasi zikazungumza Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Wakili wa upande wa pili alikuwa mpole, sauti yake ndogo. Alisimama akasema ana pingamizi. Muapaji ameweka dole gumba, kiapo chake ni cha Kiingereza, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alisomewa na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa. Je, tunajuaje kwamba haya ni maneno yake?

Nilisimama nikiwa tayari nimekasirika. Nikasema mheshimiwa jaji, huyu ni mwananchi wa kawaida, hajui kusoma wala kuandika, na mahakama isimwadhibu kwa ujinga wake. Nakumbuka nilinyoosha mkono nyuma kumwonyesha, bila kugeuka.

Jaji alikuwa mtu mzima, hana makelele. Alimwomba mama asimame.

"Mama, unajua kusoma?"

"Najua, mheshimiwa."

"Na kuandika?"

"Naandika. Mimi ni katibu wa kwaya kanisani kwetu, mwaka wa kumi na moja huu."

"Sasa mbona hapa umeweka dole gumba?"

Alinigeukia. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anaangalia kama inaruhusiwa kusema. "Mwalimu alikuja na wino," akajibu.

Watu walicheka, hata karani. Jaji hakucheka. Akamuuliza kama anayajua yaliyoandikwa mle ndani.

"Sikusomewa, mheshimiwa. Nilijua mwalimu anayajua."

Maombi yetu yaliondolewa mahakamani kabla ya saa sita mchana. Amri ya muda tuliyopewa siku ya kufungua maombi, iliyokuwa inawalinda wasiondolewe, ikaondoka nayo. Tungeweza kuleta maombi upya, lakini muda wa kisheria ulikuwa umebaki siku tisa, na baada ya hapo mlango ungefungwa moja kwa moja. Nje, chini ya ngazi, niliwaeleza akina mama kwamba kumetokea kasoro ya kiufundi. Nilitumia maneno hayohayo. Mama yule alitikisa kichwa polepole akasema, "Haya mwalimu, asante kwa kazi." Wakaenda zao. Ningefurahi kama angenitukana.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, mtoto wa wafugaji, mtu wa maneno machache kupita kiasi. Nilimsimulia habari ya wakili mpole, ya jaji, ya kanuni za viapo, ya mwenzangu aliyekuwa na haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho akauliza, "Kwani hukumsomea?" Nikamwambia yeye si mwanasheria. Akasema ni kweli. Nikaenda kuosha vyombo nikavunja sahani, kwa bahati mbaya, na mpaka leo anaikumbuka sahani ile kuliko harusi yetu. Namshukuru kwa swali lake. Limenisomesha kuliko chuo chochote, ingawa hili sijamwambia na ataliona hapa kwa mara ya kwanza.

Siku ya tatu nilirudi mwaloni peke yangu. Zilikuwa zimebaki siku sita. Mama alikuwa ameinama anageuza dagaa kwa ufagio wa njukuti, na hakuacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ufagio ukaendelea. Nikamwambia nimekuja tuanze upya, kama atakubali. Akafagia mstari mzima mpaka mwisho wa jabali, akarudi.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia kwamba unajua kuandika?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na wino umeshafungua. Mimi nikadhani mahakama yenu ndiyo inavyotaka, hata msomi anaweka dole." Aliegemea ufagio. "Tutaanza upya. Ila utaandika hapahapa, kwa Kiswahili. Ukimaliza sentensi unaisoma kwa sauti, wote hawa wasikie. Tukiikataa, unafuta."

Nilimweleza kwamba karatasi za mahakama ni za Kiingereza.

"Hiyo ya Kiingereza mtajuana wenyewe baadaye. Kwanza tuwe na ya kwetu."

Nikakaa juu ya ndoo ileile. Niliandika sentensi ya kwanza nikasoma: waombaji walinyimwa fursa ya kusikilizwa kinyume cha Katiba. Nilisoma kwa sauti ya mhadhara.

"Hiyo siijui," akasema mama. "Hiyo nimeiona wapi mimi?"

"Wewe uliona nini?"

"Niliona yule bwana wa ofisi kaja na pikipiki. Hakushuka. Hata injini hakuzima. Nilikuwa na dagaa mikononi, akanichomekea barua hapa kwapani, akageuza akaondoka."

"Mimi nilimwita," akasema mama mwingine aliyekuwa kwenye vichanja. "Nikamwambia, baba, shuka basi tuongee. Akasema hana la kuongea, katumwa."

"Andika hivyo," mama akaniambia.

Mkono wangu ulikataa kidogo. Niliona jaji atasema nini. Kisha nikakumbuka kanuni ambayo nilikuwa naifundisha kila mwaka: kiapo kibebe aliyoyaona na kuyasikia muapaji, hoja za sheria aziache kwa wakili. Nilikuwa naitungia maswali ya mtihani. Huyu mama alikuwa ameifikia mwenyewe, akiwa na ufagio mkononi, na mimi ndiye niliyekuwa nataka kuivunja. Nikaandika: aliyeleta barua hakushuka kwenye pikipiki wala hakuzima injini.

Kazi ilichukua siku nzima. Walinifutisha sentensi nne. Moja ilikuwa na neno wanyonge. "Toa hilo," mama alisema. "Nani mnyonge hapa?" Wakaanza kutazamana wakimtafuta, wakacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mahakamani. Walibishana kwa muda mrefu kuhusu mti mmoja uliokuwa mpaka wa eneo lao, kama ulianguka kabla au baada ya mvua kubwa, mpaka mama akaamua kwamba asiye na uhakika asiape. Mwisho alichukua karatasi akazisoma zote kwa sauti, wima, sauti ya katibu wa kwaya anayetoa matangazo, kisha akatia sahihi. Mwandiko wake ulilala kidogo kulia na ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nilikwenda kutafsiri, nikamleta wakili mwingine asiye na haraka amwapishe na kugonga mhuri, nikaambatanisha vyote viwili, na siku ya nane tukafungua maombi, amri ya muda ikarudi.

Miezi ikapita ndipo uamuzi ukatoka. Jaji alikuwa yuleyule. Hoja zangu, ambazo nilizitolea jasho, alizitaja kwa ufupi. Lakini ile pikipiki aliipa aya nzima. Aliandika kwamba mahakama haihitaji kwenda mbali kutafuta maana ya kumsikiliza mtu, walau injini ingezimwa kwanza. Amri ya kuwaondoa ikafutwa, wakaitishwa kikao cha kweli, viti vikaletwa mwaloni. Wakaambiwa, na wao wakasema. Walisogea kidogo upande mmoja, kama alivyoniambia mwanzoni kwamba wangeweza, na jabali likabaki kwao mpaka leo. Hoteli imejengwa kule juu na inanunua dagaa kwao.

Kila nilichokipata baadaye kilitoka kwenye siku ile ya ndoo. Makala yangu ya kwanza kusomwa na watu ilihusu viapo na lugha. Uprofesa wenyewe ulitokana na makala hiyo na nyingine zilizoifuata. Nilianza pia kuona kichekesho nilichokuwa nimeishi ndani yake bila kukiona: Katiba yetu imeandikwa kwa Kiswahili, na mimi niliifundisha kwa Kiingereza, kwa watoto waliokuja chuoni wakizungumza Kiswahili, ili wakawatetee watu wanaozungumza Kiswahili. Sheria ya lugha ya mahakama imebadilika sasa, na siku niliposoma mabadiliko hayo niliwapikia wenzangu wa idara pilau.

Darasani nina zoezi ambalo sijaliruka mwaka hata mmoja. Wiki ya kwanza kila mwanafunzi anachukua ibara moja ya haki, anaenda kuisoma kwa sauti kwa mtu ambaye hajasoma sheria, na ananiletea swali alilouliza mtu huyo. Majibu siyataki. Mwaka mmoja binti alirudi na swali la fundi baiskeli wa Mkuyuni: nikikamatwa Ijumaa, hiyo Jumapili nayo inahesabiwa? Mwingine alimsomea fundi cherehani wa Mabatini ibara ya faragha, akaulizwa kama mwenye nyumba anayeingia bila hodi yumo humo ndani. Binti wa swali la Ijumaa sasa ni hakimu. Wanafunzi hulalamika kwamba zoezi ni la kitoto, kisha wanarudi na maswali yasiyo ya kitoto, na mimi nafurahi siku nzima.

Mama yule nimekuwa naye miaka yote. Alikuja kwenye ubatizo wa watoto wangu na kwenye harusi zao, nami nimekwenda kwenye misiba yake. Kila Krismasi naletewa furushi la dagaa. Yeye na akina mama wake wananishukuru hadharani, wananiita aliyeokoa mwalo, na kila wanaponishukuru nainama. Kwa maana kuna jambo sikuwahi kulisema. Niliwaambia ni kasoro ya kiufundi, na neno hilo lilibaki hivyo. Ndani ya faili la bluu kilikuwamo kile kiapo cha kwanza, kile cha Kiingereza bora, chenye alama ya dole gumba la mtu anayejua kuandika. Nilikiweka ili nisijisahau. Ukweli ni kwamba nilikificha.

Wiki iliyopita, maboksi yalipokwisha na faili likabaki peke yake juu ya meza, nililibeba nikaenda mwaloni.

Mama yule magoti yamemchosha, sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuwaelekeza wengine. Kila mtu pale anaogopa kidole chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umestaafu. Basi chukua ufagio, tukufundishe kazi."

Nilivuta ndoo nikakaa. Nikamwambia nina karatasi yake ambayo sikuwahi kumsomea, na nilikuwa nimechelewa sana. Kisha nikakisoma kile kiapo, aya zote kumi na tano, nikikigeuza Kiswahili papo hapo. Sauti yangu haikuwa ya mhadhara. Alifumba macho, akanisimamisha mara moja tu, nimtajie tena jina la kikundi. Nilipomaliza nilimwambia yale ambayo yamenikaa kifuani: kwamba nilimletea wino bila kumuuliza, nikamwita mjinga mbele ya watu, na kisha nikaliita jambo lile kasoro ya kiufundi ili nisione aibu. Nikamwomba anisamehe. Nililia, na sioni sababu ya kuficha hilo.

"Nilisikia siku ile," akasema. "Ulinyoosha na mkono."

Akaomba kuiona karatasi. Aliiangalia ile alama kwa muda mrefu, akaweka dole gumba lake la sasa pembeni yake, akacheka kidogo kwa jinsi lilivyonenepa. Halafu akaomba kalamu. Chini ya alama ile, polepole, akaandika jina lake kamili, mwandiko uleule unaolala kulia. Kisha akanirudishia karatasi.

"Kumbe kilikuwa kizuri," akasema. "Kweli tupu, mwanzo mpaka mwisho. Ungenisomea tu."